Maana ya gemu huru ya kutisha ya kindoto

Gemu huru ya kutisha ya kindoto ni gemu ya video ambamo mchezaji hutembea, hupekua na hufumbua mafumbo katika ulimwengu usiofuata kanuni tulizozoea za mahali, wakati na sababu, na ambayo imetengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo kisichokuwa chini ya kampuni kubwa. Kwa wengi wetu hapa Kampala, tuliozifahamu gemu katika vibanda vya kulipia ambako mpira na mapigano ndivyo vinavyotawala skrini, aina hii huonekana ngeni mwanzoni. Hakuna mabao, mara nyingi hakuna adui wa kushindwa, na mchezaji huweza kuzunguka kwa muda mrefu bila kuambiwa anatafuta nini.

Sehemu inayohitaji kuelezwa zaidi ni hiyo ya kindoto. Mwaka 1924, mjini Paris, mwandishi Mfaransa André Breton alichapisha ilani ya usurealia, yaani mkondo wa sanaa ya kindoto, akitaka sanaa ichote kutoka ndotoni na katika fikra zisizosimamiwa na akili. Gemu zimeuendeleza mkondo huo kwa namna ambayo picha ya ukutani haiwezi, kwa kuwa hapa mtu haitazami ndoto ya mwenzake tu, bali huingia na kutembea ndani yake. LSD: Dream Emulator, iliyotoka Japani mwaka 1998 kwa ajili ya PlayStation, ilitokana na shajara halisi ya ndoto, na ndani yake mchezaji akigusa ukuta huweza kujikuta ghafla mahali pengine kabisa. Hiyo haikuwa gemu huru, lakini waliofuata wamejifunza mengi kwayo.

Mfano bora, kwa maoni yangu, ni Yume Nikki ya mwaka 2004, ambayo mtengenezaji wake hujulikana kwa jina la Kikiyama pekee. Msichana aitwaye Madotsuki hataki kutoka nyumbani kwake. Hulala, huota, na ndotoni hukuta milango 12 inayofungukia ulimwengu tofauti tofauti. Katika nyumba moja huko ndotoni anakaa msichana mwingine, Poniko, na ukutani pana swichi ya taa. Ukiibonyeza, kwa kawaida taa huzimika tu. Lakini kila unapoibonyeza ipo nafasi moja kati ya 64 kwamba Poniko atageuka kiumbe mwenye uso mweupe uliopindika, na sauti ya chumba ibadilike. Kiumbe huyo hamwagi damu wala hafukuzi mtu. Ukimgusa, unapelekwa mahali pasipo na mlango wa kurudi, na unaweza kujinasua kwa kujifinya shavu ili uamke. Hakuna anayekueleza yeye ni nani, wala kwa nini ilikuwa zamu yako.

Hapo ndipo hofu ya aina hii inapotofautiana na nyingine. Katika gemu ya Resident Evil ya mwaka 1996, maiti hutembea kwa sababu ya virusi, na sababu hiyo inajulikana. Hata abasezi wa masimulizi ya kwetu Uganda, wanaosemekana kutoka usiku kutafuta maiti, wana jina, wana tabia, na watu wanajua wanachokifuata makaburini. Kiumbe wa kindoto hana hata kimoja cha hivyo, kwa hiyo mchezaji hajui ajikinge vipi.

Neno huru nalo lina uzito wake. Kampuni inayotumia fedha nyingi huhitaji wanunuzi wengi, na ni vigumu ikubali gemu isiyojieleza. Kikiyama alitumia RPG Maker 2003, programu ya kutengenezea gemu iliyo tayari, akaitoa kazi yake bure; vivyo hivyo Mortis Ghost wa Ubelgiji alipotoa OFF kwa Kifaransa mwaka 2008. Picha zao ni za chembechembe kubwa, na kompyuta kuukuu inazimudu, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa Kampala anayetaka kujaribu kutengeneza yake si dogo hata kidogo.

Hata hivyo, si kila gemu ndogo inayotisha ni ya kindoto. Giza, mayowe na mzimu anayechomoza ghafla havitoshi ikiwa nyumba yenyewe inabaki nyumba, mlango unaelekea palepale ulipoelekea jana, na kila kisa kina chanzo chake. Zipo pia zinazohitimisha kwa kufichua kwamba yote yalikuwa mawazo ya mgonjwa. Hizo ninaziweka mpakani, kwa sababu maelezo hayo, yakishatolewa, hurudisha kanuni ambazo gemu ilikuwa imeziondoa.