Gari linamisi? Yanayosemwa kuhusu koili gereji na duka la spea, na ukweli wake

Nitatumia mfano wa injini ya 1NZ-FE, kwa sababu ndiyo imejaa barabarani kwetu: IST, Vitz, Raum, Porte, Probox. Ina koili nne (koili ndiyo inayopandisha umeme wa betri ili plagi itoe cheche), kila silinda na yake, zimekaa moja kwa moja juu ya plagi. Mengi ya nitakayoyasema yanagusa pia Nissan, Subaru na hata Volkswagen, lakini namba na vipimo ni vya Toyota hiyo.

"Gari likimisi, koili imekufa"

Hii ndiyo inayokula pesa nyingi za watu. Koili inasingiziwa kwa sababu ni rahisi kuifikia. Fungua boliti moja ya namba 10, chomoa soketi, vuta juu, umemaliza. Fundi anayetaka gari liondoke haraka ataanzia hapo.

Lakini kumisi maana yake ni kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda fulani haukuwaka, au uliwaka vibaya. Ili uwake panahitajika cheche, petroli ya kutosha, hewa iliyopimwa na kompresheni. Plagi iliyoisha inaleta misi. Nozeli, ile inayopuliza petroli, ikiziba inaleta misi. Hewa inayonyonywa pembeni kwenye gasketi ya manifoldi inaleta misi, na vali isiyofunga vizuri pia. Ukinunua koili nne kwa tatizo la nozeli, utarudi nyumbani na gari linalotetemeka vilevile na mfuko mwepesi.

Kompyuta ya kupimia inasaidia, ila lazima ujue inasema nini. P0300 ni misi isiyo na silinda maalumu. P0301 hadi P0304 inataja silinda: P0302 ni misi kwenye silinda ya pili. Haisemi "badilisha koili ya pili", inasema silinda ya pili ina shida. Ukiona P0351 hadi P0354, hapo mashine inaelekeza kwenye mzunguko wa umeme wa koili husika, na hata hapo waya uliokatika au soketi iliyolegea inaweza kuwa ndiyo chanzo.

Kipimo cha kweli hakihitaji hata shilingi. Tuseme kodi, yaani hiyo namba ya hitilafu, ni P0302. Zima injini, chukua koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, ya tatu iende ya pili. (Kwenye 1NZ silinda ya kwanza iko upande wa mkanda wa feni na chaja.) Futa kodi, endesha gari lipate moto, pima tena. Ikija P0303, koili imehama na ugonjwa wake, na hapo una haki ya kwenda dukani. Ikibaki P0302, rudia zoezi kwa plagi. Ikiendelea kubaki, tatizo liko kwenye waya na soketi, nozeli, hewa au kompresheni, na duka la koili halikuhusu. Fundi anayekataa kufanya zoezi hili na bado anakutuma ukanunue, mimi ningebadilisha fundi kwanza.

Kuna na wenye Passo au Vitz ya cc 1,000 yenye injini ya 1KR-FE. Hiyo ina silinda tatu. Mtetemo kidogo kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, ni maumbile yake, na maunting (mipira inayoshikilia injini) zikichoka unazidi. Wapo walionunua koili tatu mpya kutibu maunting ya injini.

"Tumeipima, inatoa cheche, kwa hiyo ni nzima"

Fundi anaitoa koili, anaichomeka plagi, anaigusisha kwenye bodi ya injini, mwenzake anapiga stata. Cheche inaonekana. Basi koili imesamehewa.

Shida ni kwamba cheche ikiwa nje inaruka kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na kuruka umbali uleule kunahitaji volti nyingi zaidi. Koili iliyopasuka ndani kidogo itaonyesha cheche nzuri kwenye meza na kushindwa ukikanyaga mafuta kupanda mlima. Nyingine inashindwa ikipata joto tu. Asubuhi gari liko safi, ukikaa kwenye foleni nusu saa linaanza kuruka. Kuipima koili ya namna hiyo ikiwa ya baridi ni kujidanganya.

Multimita nayo ina mipaka. Kwenye koili za zamani za pini mbili unaweza kupima ukinzani wa waya za ndani na ukapata jibu. Koili ya 1NZ ina pini nne kwa sababu swichi yake ya kielektroniki imo ndani ya koili yenyewe. Ukipima pini hizo kwa ohimu, unapima swichi, hupimi waya. Tarakimu itakayotokea haikupi hukumu yoyote.

Na jambo la usalama: usivute koili juu gari likiwa linaunguruma. Cheche itatafuta njia yoyote ya kwenda bodini, ikiwemo mkono wako. Ukitaka kusikiliza silinda ipi imelala, chomoa soketi ndogo ya waya, na iwe kwa sekunde chache tu.

"Ikiingia, inafaa"

Muuzaji anaishika koili yako ya zamani, anailinganisha na ya kwake, anasema, "Hii hapa bosi, inaingia IST, Corolla, zote." Kwa macho zinafanana kweli, soketi ni ileile ya pini nne. Lakini ya 1NZ-FE namba yake ni 90919-02240, na ya 1ZZ-FE ya Corolla ni 90919-02239, na shingo zake hazilingani kwa urefu. Ukilazimisha, aidha koili haikai chini vizuri, au springi ya ndani haigusi plagi sawasawa. Misi itarudi, safari hii kwa sababu ya spea.

Pini nne zina kazi ya pekee. Moja ni umeme, moja ni ethi, ya tatu inaleta amri kutoka kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya "piga cheche sasa", na ya nne inarudisha jibu kwamba cheche imepigwa. Kwenye Toyota nyingi za mfumo huu, kontroli boksi ikikosa jibu inakata petroli ili isimwagwe bila kuungua. Ndiyo maana koili ya bei poa inaweza kutoa cheche na bado gari likazima au likagoma kuwaka: inapiga kazi lakini haijibu.

Kwa hiyo nenda dukani na namba. Iko juu ya koili yenyewe, imechapwa kwenye plastiki. Kama imefutika, tumia namba ya chasisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu 17. Yana namba inayoanza kama NCP60 au NCP61, na hizo zote ni IST, moja ya 1.3 na nyingine ya 1.5. Muuzaji mwenye katalogi ataisoma na kukupa namba ya spea. Nissan namba zake za koili huanza na 22448, na koili zake nyingi ni za pini tatu. Asiyetaka kusikia habari za namba anauza kwa kukisia.

"Boksi la Toyota, ni OG"

OG, yaani spea halisi ya kiwandani? Boksi ni karatasi, na karatasi inachapwa popote. Koili ya IST iliyotoka kiwandani kwa kawaida imetengenezwa na Denso, kampuni iliyozaliwa ndani ya Toyota ikajitenga mwaka 1949. Ukikuta Denso kwenye boksi lake lenyewe, bila nembo ya Toyota, hujapunjwa: ni kiwanda kilekile. Na ukikuta boksi zuri la Toyota kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya duka rasmi, tumia akili. Hakuna mtu anayeuza dhahabu kwa bei ya shaba kwa huruma.

Shika koili mkononi. Maandishi kwenye plastiki yawe makali, yasifutike kwa kidole. Mshono wa plastiki uwe safi. Kikombe cha mpira kiwe laini lakini kisiwe kinacheza. Pini ndani ya soketi ziwe zimenyooka na zinang'aa sawa. Njoo na koili yako ya zamani uziweke pamoja: fonti, rangi, mahali namba ilipo. Hakuna kimoja kati ya hivi kinachotosha peke yake, ila vitatu vikikataa pamoja, rudisha boksi kaunta.

OG nayo si dawa ya kila kitu. Mwaka 2003 Volkswagen ilitangaza Marekani kubadilisha koili za magari yake mengi kwa sababu zilikuwa zinakufa mapema, na hizo zilikuwa koili za kiwandani kabisa.

"Mtumba wa Japani unashinda mpya"

Hapa kuna nusu ya ukweli. Koili halisi iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani ni bora kuliko mpya ya kopi, sibishi. Lakini koili inazeeka kwa joto na miaka, na ile ya mtumba inaweza kuwa na umri uleule wa iliyokufa kwako. Ukinunua mtumba, geuza kikombe cha mpira uangalie ndani. Mstari mweusi au mweupe mwembamba kama ufa ni alama ya umeme uliokuwa unatoroka pembeni. Springi yenye kutu, plastiki iliyopasuka kichwani, mdomo wa soketi uliokatika kile kijino cha kufungia: acha. Kwa mtu wa bodaboda ya magurudumu manne, yaani mwenye Uber au Bolt anayezunguka siku nzima, ningesema anunue mpya halisi, hata kama ni moja kwa mwezi.

"Zibadilishwe zote nne"

Plagi ndiyo, badilisha zote kwa pamoja. Koili, aliyekufa azikwe peke yake. Kwenye injini ya silinda nne ni kazi ya dakika kumi, na nyingine ikifa baadaye utarudi dakika kumi tena. Ukibaki na koili moja nzima, itunze kwenye buti, itakusaidia siku ya kupima.

Ninabadilisha msimamo kwenye V6. Harrier au Kluger yenye V6 ina koili tatu mbele na tatu nyuma, na za nyuma zimefichwa chini ya manifoldi ya hewa. Kuzifikia ni kufungua nusu ya juu ya injini na kununua gasketi. Ukishafika huko kwa sababu ya koili moja iliyozeeka, weka zote tatu mpya pamoja na plagi, maana gharama kubwa ni ya kazi.

"Koili kali zinaongeza nguvu"

Hapana. Volti hupanda mpaka pale cheche inaporuka pengo la plagi, basi. Injini ya kawaida isiyobadilishwa haina cha kufanya na akiba ya ziada.

"Mpya imekufa mwezi mmoja, nimeuziwa feki"

Labda. Lakini angalia kwanza shimo la plagi. Plagi ya 1NZ ina pengo la milimita 1.1. Kadiri inavyoliwa pengo linapanuka, na koili inalazimika kusukuma volti zaidi kila cheche, mamia ya mara kwa dakika na hata zaidi ya elfu. Mwisho umeme unapasua ukuta wa ndani. Koili mpya juu ya plagi iliyochoka inafuata njia ya mwenzake.

Ukitoa koili na shingo yake imelowa oili, hiyo imevuja kutoka kava ya tapeti (kifuniko cha juu cha injini), ambako kuna mpira unaozunguka kila shimo la plagi. Oili inaulegeza mpira wa koili na kufungua njia ya umeme. Gasketi ya kava si bei, na bila hiyo utakuwa mteja wa kudumu wa duka la koili. Kuosha injini kwa mashine ya presha ni njia nyingine ya kuzimaliza. Maji yanajaa shimoni na kukaa humo. Na ukitaka kupaka kitu ndani ya mpira, iwe grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya bearingi inaharibu mpira.

"Linatembea tu, nitatengeneza mwisho wa mwezi"

Petroli isiyoungua kwenye silinda inaenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (kisafisha moshi, catalytic converter). Masega yanapata joto kupita kiasi na kuyeyuka, kisha yanaziba. Taa ya cheki injini ikiwaka tu, una muda kidogo wa kufika gereji. Ikipepesa, kuwaka na kuzima mfululizo, misi ni kali: punguza mwendo, usikanyage, nenda kapime siku hiyohiyo. Masega mapya yanagharimu mara nyingi zaidi ya koili uliyokuwa unaikwepa.

Ukishajua koili ipi imekufa na namba yake ni ipi, kimebaki kibandiko cha ukutani: "Vifaa vya umeme havirudishwi." Zungumza kabla hujalipa. Wapo wauzaji wa Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) wanaokubali ufunge koili hapohapo nje ya duka, uwashe, ukae mpaka injini ishike moto, ndipo utoe pesa. Dai risiti yenye namba ya spea iliyoandikwa, na isiwe neno "koili" peke yake. Ikithibitika ni bandia, Tanzania peleka malalamiko Tume ya Ushindani, Kenya Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na watakachokuuliza kwanza ni hiyo risiti na boksi.