Cheki ya mteja ikirudi, fungua daftari kabla ya kufungua mdomo

Simu za namna hii hunijia zaidi Jumatatu na Jumanne. "Mhasibu, ile cheki imerudi." Kabla hata ya kutoa pole mimi huuliza jambo moja: imerudi na neno gani?

Kazi yangu ni kutunza hesabu za watu. Wengi ni wanaouzia nyumbani hapa Mombasa: waokaji wa keki, washonaji wa mapazia na sare za shule, wauza madera na manukato wanaopokea oda kwa WhatsApp na kurundika mzigo chumba cha wageni. Mtu atashangaa, zama hizi za M-Pesa cheki zatoka wapi? Zatoka kwa taasisi. Shule, kanisa, kamati ya harusi, chama cha akina mama, nyumba ya wageni yenye wakurugenzi wawili wasioaminiana. M-Pesa hupitisha hadi shilingi 250,000 kwa mara moja, kwa hivyo tatizo si ukubwa wa pesa. Taasisi hutaka sahihi mbili au tatu kabla shilingi haijatoka, na cheki ndiyo karatasi iliyozoeleka kubeba sahihi hizo.

Nichukue mfano wa mteja wangu mmoja wa Kisauni. Nitamwita Mama Mapazia. Alishona mapazia ya vyumba vya nyumba ya wageni, akaletewa cheki ya shilingi 48,500 siku ya Ijumaa, akaipeleka benki mchana uleule. Jumamosi asubuhi akafungua simu, akaona salio limepanda. Moyo ukatulia. Akachukua shilingi 20,000 za karo alizokuwa amezificha, akashuka Biashara Street kununua vitambaa vya oda nyingine. Jumanne benki ikamtumia ujumbe: cheki haikulipwa. Salio likashuka, na juu yake benki ikakata ada.

Kosa lake halikuwa kupokea cheki. Alisoma salio lisilo lake. Akaunti huwa na salio mbili: moja huhesabu kila kilichoingizwa, pamoja na cheki ambayo benki ya pili bado haijaikubali; nyingine ni pesa unazoweza kuzitoa leo. Hapa Kenya, tangu mwaka 2011, cheki yenyewe haisafiri tena kwa gari kutoka benki hadi benki. Hupigwa picha na picha ndiyo inayopelekwa. Ndiyo maana siku hizi jibu huja kufikia siku ya kazi inayofuata, badala ya zile siku nne tano za zamani. Lakini siku ya kazi ni siku ya kazi. Cheki ya Ijumaa mchana, hasa ukichelewa ile saa ambayo benki hufunga makundi ya cheki za siku, ihesabu kuwa pesa zake ni za Jumanne. Kati ya siku hizo mbili, hiyo ni ahadi tu, na kwa ahadi huwezi kununua kitambaa.

Sasa turudi kwa lile neno. Cheki haikosi kuandikiwa sababu. Omba benki ikupe cheki yako pamoja na karatasi inayoeleza kwa nini haikulipwa, wala usikubali jibu la mdomo la kaunta. Sababu nyingi ni za kalamu tu: tarehe imekosewa, sahihi hailingani na ile ya benki, sahihi ya pili haipo, maneno yanasema elfu arobaini na nane na tarakimu zinasema 48,500. (Hili la mwisho hunichekesha. Sheria inasema maneno na tarakimu zikigombana, maneno ndiyo yenye nguvu. Lakini benki haitaki kuwa hakimu, inarudisha tu.) Cheki iliyokaa miezi sita tangu tarehe yake nayo hurudi kwa kuchacha. Kwa haya yote mteja hana hatia kubwa. Anaandika nyingine, mnaendelea na maisha.

Kuna sababu za pili, za pesa. Hizi huja kwa maneno ya wazi kwamba salio halitoshi, au kwa zile herufi mbili ambazo kila mfanyabiashara mkongwe anazijua, R/D, yaani kamwulize aliyeiandika. Benki haitaki kumwaibisha mteja wake, inakurudisha kwake. Hapa kuna uwezekano wa mtu aliyetarajia pesa zake ziingie Jumatatu zikaingia Jumatano.

Na kuna za tatu, ambazo zinanifanya nikae sawa kwenye kiti: akaunti imefungwa, au mwenye cheki ameagiza benki isilipe. Aliyekupa cheki ya akaunti iliyofungwa hakuteleza. Na aliyezuia malipo ana neno moyoni, mara nyingi lalamiko kuhusu mzigo ambalo hakukwambia usoni. Huyo wa kuzuia, msikilize kwanza. Nimewahi kumkuta mteja aliyezuia cheki kwa sababu keki ilifika imepasuka, na muokaji alikuwa hajui.

Cheki ya Mama Mapazia ilikuwa na R/D. Bahati mbaya alinipigia akiwa tayari amefika kwenye lango la nyumba ile, amesema yote, walinzi wamesikia, majirani wamesikia. Ilituchukua wiki nzima kurudisha mazungumzo kwenye meza.

Mimi huwaambia wapige simu siku ileile, sauti ya kawaida, na wazungumze na aliyetia sahihi. Mtu wa mapokezi si wake deni hilo. "Shikamoo Mzee, cheki yenu ya tarehe fulani imerudi, benki imeandika hivi. Naomba tujue italipwaje na lini." Halafu unyamaze. Wauzaji wa nyumbani wana ugonjwa wa kujaza kimya: wataanza wenyewe kusema "hata wiki ijayo si mbaya", kabla hajaombwa mtu. Ngoja mteja ataje tarehe yeye. Ukikata simu, mwandikie yaleyale kwa ujumbe: kiasi, namba ya cheki, sababu, tarehe aliyoahidi. Ujumbe huo utakuja kuwa na thamani kuliko ukali wowote. Tena sheria ya cheki, Sura ya 27 hapa Kenya, inataka aliyeandika cheki aarifiwe kwa wakati wa kuridhisha kwamba haikulipwa. Sheria inasamehe taarifa hiyo ikiwa akaunti haikuwa na pesa, lakini kwa nini umpe mtu nafasi ya kusema hakuambiwa?

Usiweke picha ya cheki kwenye status. Najua hamu hiyo. Cheki ina jina, namba ya akaunti na sahihi ya mtu. Ukiianika hadharani unaweza kujikuta wewe ndiwe mshtakiwa, kwa kuchafua jina au kwa kutawanya taarifa za watu, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 si mapambo.

Watu hupoteza pesa zaidi katika ulipaji wa pili kuliko katika cheki ya kwanza. Mteja anasema, iweke tena benki Ijumaa. Ukiiweka tena bila uhakika, inarudi tena, na ada nyingine inakatwa. Nikiulizwa, nasema cheki ikirudi kwa sababu ya pesa, malipo yanayofuata yawe taslimu, M-Pesa au uhamisho wa benki. Akileta kidogo, pokea, mwandikie risiti ya kidogo hicho ikitaja baki. Kupokea sehemu hakufuti sehemu iliyobaki, ili mradi risiti isiandikwe "amemaliza". Na ile cheki mbovu usimrudishie hata akiomba kwa upole wa namna gani, mpaka shilingi ya mwisho iingie. Ni ushahidi wako. Kisheria cheki ni malipo yenye sharti: isipolipwa, deni la mapazia linafufuka kama lilivyokuwa, nawe una njia mbili za kudai, kwa cheki yenyewe au kwa mauzo yenyewe.

Tarehe ya ahadi ikipita, andika barua ya madai. Ukurasa mmoja unatosha: nilikuuzia nini, lini, kwa kiasi gani, cheki namba gani ilirudi kwa sababu gani, umelipa kiasi gani, baki ni hii, nalipwa kabla ya siku 7 ama 14 au nitakwenda mahakamani. Huhitaji wakili kuiandika. Na huhitaji wakili kwenda ninakokusudia, Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizi zilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na Mombasa ipo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya kuuziana bidhaa na huduma, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Unajisimamia mwenyewe. Nimewasindikiza watu wawili hadi sasa. Wote walifaulu kwa sababu ya makaratasi tu, maana ufasaha hawakuwa nao. Mmoja alikuwa akitetemeka hata jina lake likamtoka kwa shida, lakini alikuwa na oda, picha za mzigo ukipokewa, cheki na ujumbe wa simu, vimepangwa kwa tarehe.

"Na polisi je?" Swali hili haliachi kuja. Kenya inalo kosa hilo, kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu: kutoa cheki ukijua akaunti haina pesa za kutosha, au imefungwa, au umeshaiambia benki isilipe. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote. Lakini soma neno "ukijua". Na soma zaidi: kile kipengele cha pesa kutotosha hakigusi cheki za tarehe ya mbele. Wauzaji wa nyumbani wengi ninaowahudumia hupokea hizo hasa. Mteja anachukua sare za shule Januari, anaandika cheki ya tarehe 28 Februari, mshonaji anadhani ameshika kitu kizito kuliko ahadi. Ameshika ahadi iliyoandikwa vizuri. Isitoshe, polisi hawapo kukusanya madeni, na mahakama zetu haziwapendi wanaotumia jela kama chombo cha kudai. Mimi hulitaja jambo hili pale tu akaunti ilipokuwa imefungwa au dalili za ulaghai zinaonekana, na hata hapo silitaji kama kitisho. Ukimwambia mtu "lipa ama nikufunge", umeshaharibu kesi yako na sura yako.

Kwenye daftari, tafadhali msifute. Nakutana na madaftari yaliyopakwa wino mweupe kama uso wa bi harusi. Mauzo yalifanyika, yaache. Malipo yaliingia, yaache. Ongeza mstari mpya wa tarehe cheki iliporudi: benki imepungua 48,500, mteja fulani anadaiwa tena 48,500. Mstari mwingine: ada ya benki, gharama ya biashara. Hiyo ada unaweza kumdai mteja ikiwa ulisema mapema, na mahali pa kusema ni chini ya ankara, mstari mmoja: cheki ikirudi, ada ya benki ni juu ya mnunuzi, na mzigo utatolewa cheki ikishalipwa. Maneno hayo ya mwisho yangemwokoa Mama Mapazia.

Jambo jingine dogo: hakikisha jina. Kama akaunti ni yako binafsi na cheki imeandikwa jina la biashara ambalo hujalisajili, benki itaikataa palepale kaunta, na lawama si ya mteja.

Wale wa nyumba ya wageni walilipa. Mara tatu, kwa M-Pesa, 20,000, kisha 15,000, kisha 13,500, na kumbe shida ilikuwa wakala aliyechelewesha pesa za wageni. Siku ya mwisho Mama Mapazia alichora mistari miwili juu ya cheki, akaandika "imelipwa kwa M-Pesa" na tarehe, akampa mkurugenzi, naye akasaini kwenye daftari kwamba ameipokea. Ada ya benki hakuilipwa. Aliitaja, wakatabasamu, akaiacha.

Si zote huisha hivyo. Ninayo bahasha yenye cheki ya shilingi 3,200 ya muuza manukato wa Likoni. Mnunuzi alibadilisha simu na akahama nyumba. Kumfuata kungekula zaidi ya 3,200. Mwisho wa mwaka tuliiandika kuwa deni bovu, tukalitoa kwenye orodha ya wadaiwa, na bahasha nimeibakisha kabatini, kwa kuwa deni la mauzo hudaika kwa miaka 6, na Likoni si kubwa.