“Hapo Ni Majani Tu”: Dhana Potofu Kuhusu Makazi ya Samaki

Nimeisikia tena hivi karibuni, safari hii kutoka kwa mwekezaji aliyetaka kuchimba njia ya boti mbele ya hoteli yake: “Mtaalamu, hapo hakuna kitu, ni majani tu.” Kabla yake nilishaisikia kwa mhandisi, kwa diwani, hata kwa kijana anayevuta juya, wavu wa kukokota. Na kilichoniuma zaidi ni kuikuta imeandikwa, kwa maneno ya kitaalamu kidogo, ndani ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kazi yangu ni kukagua maeneo ya bahari na kueleza samaki wanazaliana wapi, wanalelewa wapi na wanakula wapi, kabla mtu hajaruhusiwa kuyagusa. Basi naanza na dhana hii, na nitaikalia.

“Hapo hakuna kitu, ni majani tu”

Hayo “majani” ni nyasi bahari, na ni mimea kamili. Zina mizizi, mashina yanayotambaa chini ya mchanga, maua na mbegu. Si mwani, na si takataka zilizotupwa na mawimbi. Kuanzia Lamu hadi Mtwara tunazo aina zaidi ya 10, na kila moja ina mahali inapopenda: nyingine hukaa karibu na ufuko ambako maji yanakupwa mpaka zinaonekana, nyingine huvumilia mkondo mkali karibu na mwamba.

Anayesema hapo hakuna kitu aende Ghuba ya Chwaka, Unguja, awatazame watega dema, yaani mitego ya samaki ya kusukwa. Dema zao wanazitega ndani ya majani, kwa makusudi, na wanachotoa humo ni tasi, pono na changu. Kuna pono ambaye maisha yake ni kwenye majani na chakula chake ni majani hayohayo. Msimchanganye na wale wa rangi kali wanaotafuna matumbawe. Tasi, ambaye ndugu zetu wa Mombasa wanamwita tafi, hula majani pamoja na mwani mdogo unaoota juu yake. Changu huwinda kaa na konokono waliojificha humo. Mafungu ya tasi mnayoyanunua Darajani au Kongowea kwa sehemu kubwa yametoka kwenye hayo “majani tu”. Kasa na nguva pia wanayategemea, na nguva wachache waliobaki Tanzania wanaishi eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, kwenye nyasi bahari.

Kuna wavuvi wanaoniambia, “Sisi tunavua mwambani, majani hayatuhusu.” Yanawahusu. Changu na jamaa zake wengi huanza maisha kwenye maji ya kina kifupi, kwenye nyasi na vijito vya mikoko, kisha wakikua wanahamia mwambani. Hili si la kukisia. Samaki ana vijiwe ndani ya masikio vinavyokua tabaka kwa tabaka, na kemikali zilizomo zinabeba kumbukumbu ya maji na chakula alichokulia. Watafiti wamevipima vijiwe vya samaki wakubwa waliovuliwa kwenye miamba ya pwani ya Tanzania, wakakuta alama za utotoni kwenye mikoko na nyasi bahari. Ukifukia kitalu cha ufukweni, yaani mahali wanapolelewa samaki wachanga, mwamba ulio mbali nacho utapungukiwa miaka kadhaa baadaye, na hakuna atakayekumbuka njia ya boti iliyochimbwa.

Kwa nini basi wakaguzi wanayaona majani matupu? Kwa sababu wanafika mchana, maji yamekupwa, wanatembea na viatu vya mpira kwa saa mbili, wanapiga picha, wanaondoka. Samaki huingia na maji yakijaa, na wengi huingia usiku. Wale wadogo, urefu wa kidole, wamejibana kwenye mashina na hawaonekani kwa aliyesimama. Ukaguzi wa namna hiyo mimi siusaini. Ninachokitaka ni hiki: nenda wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji yakitoka kabisa upime mimea; rudi maji yakijaa, uingie na miwani ya kuzamia; fanya hivyo wakati wa kaskazi na urudie wakati wa kusi, maana bahari ya Januari si bahari ya Julai. Na usiende peke yako. Mchukue mtega dema mmoja na akina mama wawili wanaotafuta chaza. Akina mama hao ndio ninaowaamini kuliko ramani yoyote, kwa sababu wanatembea juu ya majani hayo kila maji yanapokupwa, na watakuonyesha mahali yalipokuwa mwaka juzi na leo hayapo.

Uharibifu wenyewe mara nyingi hauhitaji kung’oa jani hata moja. Nyasi bahari zinaishi kwa mwanga wa jua. Mashine ikichimba mlango wa bandari, tope linapanda na kukaa ndani ya maji, mwanga unakatika, na majani yaliyo mbali na shimo yanaanza kufa. Wavuvi wa Lamu walilipeleka jambo hili mahakamani kuhusu ujenzi wa bandari mpya. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Kwa hiyo anayedhani kudharau majani ni kupunguza gharama za mradi aisome hukumu hiyo kwanza.

Hoteli nazo zinang’oa nyasi ili mgeni asiguswe miguu anapoogelea, kisha baada ya muda zinanilalamikia kwamba ufuko unaliwa. Mashina yale ndiyo yaliyokuwa yanashika mchanga na majani ndiyo yaliyokuwa yanapunguza nguvu ya mawimbi.

Hapa nitawaudhi wengine ninaowapenda. Kilimo cha mwani kimewapa akina mama wa Zanzibar kipato chao wenyewe tangu mwisho wa miaka ya 1980, na sitaki kife. Lakini kung’oa nyasi bahari kabla ya kupigilia vigingi ni kosa, na utafiti uliofanyika Chwaka umeonyesha nyasi zinapungua chini ya mashamba. Tafuteni uwanja wa mchanga mtupu, au yaacheni majani yalipo na mfunge kamba juu yake.

Ukiyataja haya yote, jibu linalofuata huwa: “Yataota tena.” Baadhi ya aina huota upesi, kweli. Lakini ile yenye mashina marefu magumu, inayotawala karibu na miamba yetu, hubeba majani yake kwenye ncha. Ncha ikikatwa, shina limekwisha. Huko Diani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanyama wa mviringo wenye miiba mifupi waliongezeka mno wakazitafuna ncha hizo, na sehemu kubwa ya nyasi ikatoweka. Anayewapunguza wanyama hao wa miiba ni samaki aitwaye kikande, na kikande alikuwa amevuliwa kupita kiasi. Kurudi kwa nyasi za namna hiyo ni kazi ya miaka mingi.

“Tukate hapa, tutapanda pale”

Mikoko inapendwa na kila mtu siku ya upandaji. Watu wanavaa fulana, wanachomeka miche kwenye tope, idadi inatangazwa. Mimi huuliza idadi ya iliyo hai baada ya miaka 3, na kwa kawaida kimya kinatawala.

Mikoko ina mpangilio wake. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi mirefu iliyojipinda, hupenda tope la vijitoni. Mkandaa hukaa nyuma zaidi, kuelekea nchi kavu. Sasa kwa kuwa mche wa mkoko ni rahisi kuchomeka, unachomekwa kila mahali, hata kwenye tope la wazi linalofunikwa na maji muda mrefu kupita kiasi, hata juu ya nyasi bahari. Unakufa, na nyasi zilizokanyagwa zinakufa nao.

Mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi, Kenya, unaouza hewa ukaa (yaani unalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko) tangu 2013, husifiwa kwa kupanda. Eneo lake ni hekta 117, na sehemu kubwa ni msitu wa asili uliolindwa. Hilo la kulinda ndilo la kuiga kwanza.

Tena, miti peke yake haimlei samaki. Kambamiti hutaga baharini. Vitoto vyao vinabebwa na maji kuingia kwenye vijito vya mikoko, vinakulia humo, kisha vinatoka. Ukijenga tuta la shamba la mpunga au barabara isiyo na makalavati ya kutosha, mikoko inaweza kubaki imesimama kijani kibichi huku kijito kimezibwa na kambamiti haingii. Ukaguzi unaohesabu miti bila kufuata maji haujakagua kitu.

“Tengefu linamnyang’anya mvuvi bahari yake”

Nawaelewa wanaosema hivi, kwa sababu yapo matengefu, yaani maeneo yaliyofungwa yasivuliwe, yaliyowekwa kwa amri bila mvuvi kuulizwa. Lakini wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walijifungia hekta 30 wenyewe mwaka 2005, baada ya kuona mwamba wao umekwisha, na samaki wakarudi. Kando ya hifadhi ya bahari ya Mombasa wavuvi hutega malema yao (ndiyo dema) mpakani kabisa. Hawakufundishwa na mtu. Wanajua tafi hutoka. Faida hiyo haifiki mbali sana na mpaka, ndiyo maana maeneo madogo kadhaa yaliyochaguliwa vizuri humfaa mvuvi wa ngalawa kuliko eneo moja kubwa lililo mbali. Na yachaguliwe kwa kufuata mahali samaki wanapotaga na kulelewa. Wavuvi wa Msambweni wanaijua miamba ambako tafi hukusanyika kutaga. Nimeona maeneo yakifungwa kwa sababu tu hayakuwa na mgogoro, yaani hayakuwa na samaki.

Jamaa wa dhana hii ni kusema kwamba kufunga mwamba miezi 3 kwa ajili ya pweza ni kulinda makazi. Pweza hukua haraka sana, hivyo ufungaji wa muda unampa mvuvi pweza wazito, na Pemba umeleta nidhamu nzuri vijijini. Matumbawe hayapati kitu kwa miezi 3, hasa ikiwa siku ya kufungua watu wote wanashuka na mikuki na nondo kuyapindua mawe.

Wengine wananiambia tatizo ni nyavu tu: dhibiti zana, samaki watarudi. Watarudi wapi, ikiwa kitalu kimefukiwa? Na kinyume chake pia ni kweli: kitalu kizuri hakiwezi kushinda juya lenye macho madogo. Zana na makazi vinasimamiwa pamoja, na nashangaa bado tunalibishania hili. Kuhusu uvuvi wa baruti, Tanzania imefanya kazi kubwa tangu msako wa kuanzia 2016, na milipuko imepungua sana. Ila mwamba uliolipuliwa umebaki kifusi kinachoviringishwa na mawimbi, na matumbawe machanga hayawezi kushika juu ya kitu kinachoviringika. Maeneo hayo yahesabiwe kuwa majeruhi. Yasiandikwe kwamba yamepona kwa sababu mlio haupo.

“Ramani tulishachora”

Marekani iliingiza makazi muhimu ya samaki katika sheria yake ya uvuvi mwaka 1996: maji na sakafu ya bahari ambayo samaki anahitaji ili azaliane, ale na akue. Mabaraza ya uvuvi ya kanda yanatakiwa kuyaainisha, na taasisi ya serikali kuu inayotaka kufanya jambo linaloweza kuyadhuru lazima ishauriane kwanza na mamlaka ya uvuvi. Kinachonivutia zaidi ni sharti la kuyapitia upya maelezo hayo angalau kila miaka 5. Huku kwetu naletewa ramani iliyochapishwa kwa rangi nzuri, haina hata mwaka wa ukaguzi, na naambiwa suala hilo lilikwisha.

Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu, Mafia ikiwa mojawapo ya sehemu zilizoumia sana. Ramani ya 1997 ilipoteza maana ndani ya miezi michache. Joto limerudi 2016, na tena 2024. Kwenye delta ya Rufiji, maji mengi ya mto yalihamia upande wa kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1970. Kusini kukazidi chumvi, kaskazini mikoko ikakatwa kwa ajili ya mpunga. Na tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, mto umebadilika tena: mafuriko, tope na maji matamu havifiki deltani kama zamani. Kambamiti wanavifuata vitu hivyo vitatu. Ramani yoyote ya vitalu vya kambamiti Rufiji iliyochorwa kabla ya tarehe hiyo inatakiwa kukaguliwa upya, kijito kwa kijito, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, kabla haijatumiwa kumruhusu au kumkatalia mtu yeyote.