Medigap na adhabu ya kuchelewa: saa mbili za Medicare zisizofanana

Mzee akikaribia kutimiza miaka 65 huko Marekani, sanduku lake la barua hujaa bahasha. Nyingi ni za kampuni za bima, zenye rangi za kuvutia na picha za wazee wanaocheka. Chache ni za serikali, nyeupe, zenye maandishi madogo. Nimekaa na wazee wetu zaidi ya mara moja kuzipanga bahasha hizo juu ya meza ya chakula, hizi huku, zile kule, na swali huwa ni lile lile: "Mwanangu, hii bima ya nyongeza nisipoichukua sasa, watanitoza faini?"

Hawatamtoza. Lakini anaweza kupoteza kitu kikubwa kuliko faini, na hakuna bili itakayomwambia.

Tuanze na Medicare yenyewe. Ni bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani kwa wenye miaka 65 na kuendelea, pamoja na baadhi ya watu wenye ulemavu walio chini ya umri huo. Rais Lyndon Johnson aliitia saini sheria yake tarehe 30 Julai 1965. Sehemu A inahusu kulazwa hospitali. Sehemu B inahusu madaktari, vipimo na matibabu ya wasiolazwa. Sehemu D, iliyoanza mwaka 2006, ni ya dawa. Hata ukiwa nazo zote, bado unabaki na pengo. Kwa Sehemu B, mgonjwa hutangulia kulipa mwenyewe kiasi fulani cha mwanzo kila mwaka (mwaka 2025 kilikuwa dola 257), kisha kwa kawaida Medicare hulipa asilimia 80 na kumwachia 20. Hiyo 20 haina kikomo. Kwenye bili ya dola 300 ni dola 60, mtu anavumilia. Kwenye matibabu ya saratani ya dola 100,000 ni dola 20,000, na hapo familia huanza kupigiana simu za mchango.

Bima ya nyongeza, inayoitwa Medigap, kazi yake ni kuziba pengo hilo. Huuzwa na kampuni binafsi, ila sheria imezifunga mikono: karibu majimbo yote mipango hupewa herufi, na Mpango G wa kampuni hii una mafao ya msingi yale yale ya Mpango G wa kampuni ile. Kinachotofautiana ni bei. Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zina mpangilio wao.

Sasa adhabu ya kuchelewa, saa ya kwanza. Hii inahusu Medicare yenyewe, siyo bima ya nyongeza. Dirisha la kwanza la kujiandikisha lina miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Tumchukue mzee aliyetimiza 65 mwezi Juni 2021. Dirisha lake lilifunguliwa Machi na kufungwa mwisho wa Septemba. Hakujiandikisha, na hakuwa na bima ya kazini. Alipokuja kushtuka ilibidi asubiri dirisha la jumla, ambalo ni tarehe 1 Januari hadi 31 Machi kila mwaka, akajiandikisha Januari 2025. Amechelewa miaka mitatu kamili na miezi kadhaa. Adhabu ya Sehemu B ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili, kwa hiyo yake ni asilimia 30. Ada ya kawaida ya Sehemu B mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Yeye alilipa 240.50. Hizo 55.50 za ziada hazimtoki mwakani wala mwaka wa keshokutwa. Kwa kawaida ni za maisha, na ada ikipanda nazo hupanda.

Sehemu D nayo ina yake: kwa kila mwezi uliokaa bila bima ya dawa inayokubalika, baada ya pengo la siku 63 au zaidi mfululizo, unaongezewa asilimia 1 ya kiwango cha msingi cha taifa cha ada ya bima ya dawa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 36.78. Kwa kiwango hicho, miezi 30 ya kuchelewa ilikuwa kama dola 11 kila mwezi. Sehemu A wengi hawailipii kabisa, kwa kuwa wao au wenzi wao wa ndoa walikatwa kodi kazini kwa angalau miaka 10.

Watu hulalamika kwamba huu ni ukatili. Mimi sioni hivyo, ingawa namhurumia kila aliyenaswa. Kwetu mtu hajiungi na chama cha kufa na kuzikana siku ambayo msiba umeshaingia nyumbani kwake. Kila mtu akingoja augue ndipo aanze kuchangia, mfuko haupo.

Saa ya pili ni ya Medigap. Inaanza kuhesabu tarehe ya kwanza ya mwezi ambao umetimiza miaka 65 na Sehemu B yako imeanza, yote mawili kwa pamoja. Inahesabu miezi sita. Ndani ya miezi hiyo kampuni haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya kisukari, moyo au figo zako. Miezi sita ikiisha, katika majimbo mengi kampuni ina ruhusa ya kukuuliza maswali ya afya, kukutoza zaidi, au kukuambia hapana. Yapo majimbo machache, New York na Connecticut kwa mfano, yanayowalinda watu mwaka mzima. Zipo pia hali maalumu, kama kupoteza bima ya kazini iliyokuwa ikisaidiana na Medicare, zinazokupa muda mfupi, mara nyingi siku 63, wa kukubaliwa bila maswali. Nje ya hapo mlango unabaki mikononi mwa kampuni.

Matangazo ya televisheni ndiyo yanayowapotosha wengi hapa. Kila mwaka, kuanzia 15 Oktoba hadi 7 Desemba, wazee huambiwa muda wa kubadilisha umefika. Ni kweli, kwa mipango ya dawa na ile ya Medicare Advantage, yaani Medicare inayotolewa kupitia kampuni binafsi. Kwa Medigap, dirisha hilo halikupi haki yoyote mpya. Mama mwenye moyo mgonjwa anayesema "nitaichukua Oktoba" huenda akafika Oktoba na kukuta anaulizwa historia yake ya hospitali.

Sasa umrudie yule mzee wa dola 240.50. Sehemu B yake ilianza 1 Februari 2025, kwa hiyo miezi yake sita ya Medigap ilianza siku hiyo hiyo na kwisha 31 Julai. Alichelewa, ametozwa, na bado akapata haki yake nzima ya bima ya nyongeza. Mfananishe na jirani yake aliyekuwa mwangalifu: bado yuko kazini na bima nzuri, akajiandikisha Sehemu B mara tu alipotimiza 65 kwa kuogopa faini. Hana adhabu hata senti moja. Ila miezi sita yake ilipita akiwa kazini bila yeye kujua, na siku atakapostaafu akiwa na miaka 70, huenda kampuni ikampima kwanza.

Ndiyo maana anayeendelea na kazi anapaswa kuuliza kabla ya kusaini. Kama yeye au mwenzi wake wa ndoa bado anafanya kazi, na bima inatoka kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, anaweza kuiacha Sehemu B ingoje bila adhabu. Kazi au bima hiyo ikikoma, kinachotangulia, ana miezi minane ya kujiandikisha, na mwajiri humjazia fomu CMS-L564 kuthibitisha. Bima ya COBRA, ile anayoendelea kuilipia mtu baada ya kuacha kazi, haihesabiwi. Wengi wameangukia hapo wakijiona wako salama.

Kwa wazazi walioletwa na watoto wao, hesabu ni nyingine. Mwenye kadi ya kijani asiye na miaka 10 ya kazi anaweza kununua Medicare akishatimiza miaka 65 na kukaa nchini miaka mitano mfululizo. Miaka ambayo hakustahili haihesabiwi kuwa kuchelewa. Dirisha lake hufunguka pale anapostahili. Na mwenye kipato kidogo aulize kuhusu msaada wa jimbo wa kulipia Sehemu B, kwa sababu akiupata, adhabu ya Sehemu B huondolewa. Ofisi za Social Security, ambako watu hujiandikisha Medicare, hutoa mkalimani bure, na unaweza kuomba wa Kiswahili.

Anayerudi nyumbani Mombasa au Moshi moja kwa moja ajue kwamba Medicare kwa kawaida hailipi hospitali za huko, na akiiacha Sehemu B, miezi ya kuchelewa inaendelea kuhesabiwa. Anayekwenda kutembea tu ana nafuu: Mpango G, pamoja na mingine kadhaa, hulipa asilimia 80 ya dharura inayotokea ndani ya siku 60 za kwanza za safari, baada ya dola 250 za mwanzo, kwa kikomo cha dola 50,000 maisha yote.

Mezani, baada ya bahasha kupangwa, huwa namwomba mzee atoe kadi yake ya Medicare. Kwenye mstari wa Sehemu B kuna tarehe ya kuanza, na kama alikuwa tayari ana miaka 65, miezi sita inahesabiwa kutoka hapo. Wamarekani hutanguliza mwezi: 02-01-2025 ni tarehe 1 Februari, siyo 2 Januari.