Mwaka wa nuru haupimi muda

Utasikia mtu akisema nyota fulani "ilizaliwa miaka ya nuru milioni moja iliyopita". Si sahihi. Mwaka wa nuru ni umbali, kama kilomita: ule ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Neno "mwaka" ndilo linalopotosha.

Nuru husafiri kilomita 299,792.458 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 31,557,600, yaani mwaka wa siku 365.25, upate takriban kilomita trilioni 9.46.

Itazame Rijili Kantori, ile nyota angavu jirani na Msalaba wa Kusini. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.3 hivi, kwa hiyo nuru inayoingia jichoni mwako usiku huu ilitoka huko zaidi ya miaka minne iliyopita. Umri wa nyota yenyewe ni jambo jingine kabisa: ni mabilioni ya miaka.

Parseki, ambayo wanaastronomia huitumia zaidi, nayo ni umbali: miaka ya nuru 3.26. Chanzo chake ni pembe. Dunia inapozunguka Jua, nyota ya karibu huonekana kuyumba mbele ya zile za mbali. Pima nusu ya myumbo huo kwa sekunde za pembe (kila moja ni 1/3600 ya digrii), kisha gawanya 1 kwa namba hiyo, upate umbali kwa parseki. Kwa Rijili Kantori nusu hiyo ni 0.75, basi umbali ni parseki 1.33.