Pakanga na malaria: majibu kwa wanaotibu homa kwa chai ya majani

Pakanga ni mmea gani?

Ni Artemisia annua, mmea wenye asili ya Asia unaolimwa pia Afrika Mashariki. Vinyweleo vyenye tezi juu ya majani yake hutengeneza artemisinini, kiambata kinachoua vimelea vya malaria, kilichogunduliwa miaka ya 1970 nchini China katika utafiti ulioongozwa na Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kusoma jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, kumefunua nini?

Mwaka 2018 watafiti wa China walichapisha mpangilio wa vinasaba vya pakanga, wenye jeni zaidi ya 63,000, wakaonyesha kwamba kuongeza utendaji wa jeni chache zinazounda artemisinini huzaa mimea yenye kiambata hicho kwa wingi zaidi. Kiasi chake, basi, hufuata mbegu, na miche miwili ya bustani moja inaweza kutofautiana sana.

Kama dawa imo majanini, kwa nini nisichemshe chai?

Kwa sababu kikombe hakina kipimo. Artemisinini huyeyuka kwa shida majini, na kile kidogo unachokunywa hutoka kwenye damu baada ya saa chache, vimelea vikiwa bado hai. Dawa mseto ya ALu ina artemeta, dawa itokanayo na artemisinini, iliyopimwa pamoja na lumefantrini, ambayo hubaki mwilini kwa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyosalia. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu wala kukinga malaria kwa majani haya.

Mbona homa ya mtoto ilishuka alipokunywa?

Homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe. Sisi wahudumu wa afya tunaletewa watoto wenye degedege, weupe viganjani kwa kupungukiwa damu, na mzazi anaeleza kwamba jana walikuwa na nafuu. Nafuu hiyo si kupona.

Nikijaribu chai kwa siku moja tu?

Hapana. Malaria ya falsiparamu, aina ya hatari zaidi, isiyotibiwa inaweza kuwa kali, hata kuua, ndani ya saa 24, na siku hiyo moja ndiyo mtoto anayoihitaji. Mpeleke zahanati siku ileile homa inapoanza, apimwe, na akikutwa na malaria amalize dozi yote ya siku tatu.

Na usiku, zahanati ikiwa mbali?

Mtoto anayetapika kila kitu, aliyelegea, anayepumua kwa shida au aliyepata degedege apelekwe hospitali usiku huohuo. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, iwe chai au maji, kwa kuwa anaweza kupaliwa.