Je, wajua kwa nini setilaiti za kupima umeme wa angani hutandaza nyaya ndefu?

Fundi umeme wa Nkuhungu, hapa Dodoma, akitaka kujua kama soketi ina umeme, huchomeka ncha mbili za mita, akasoma volti 230 hivi, kazi ikaisha. Setilaiti inayopima uga wa umeme katika magnetosfia, yaani eneo la anga linalotawaliwa na usumaku wa Dunia, nayo hutumia ncha mbili, lakini ina tatizo ambalo fundi huyo hana: mwili wake wenyewe una umeme mwingi kuliko ule unaopimwa.

Chanzo ni jua. Mwanga wake hung'oa elektroni kwenye uso wa chombo, na kwa kuwa plazma ya huko, yaani gesi iliyogawanyika kuwa elektroni na ayoni, ni haba mno kuweza kuzifidia upesi, chombo hubaki na chaji chanya ya volti kadhaa, na penye plazma haba zaidi hufikia makumi ya volti. Uga unaotafutwa mara nyingi hauzidi milivolti moja kwa mita. Katika uwanda wa Dodoma, siku ya kiangazi isiyo na wingu, uga wa umeme wa hewa karibu na ardhi huwa takriban volti 100 kwa mita, yaani mara laki moja ya huo.

Dawa yake ni kupimia mbali na chombo. Kila moja ya setilaiti nne za Cluster, zilizorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 2000, ilikuwa na matufe manne yenye kipenyo cha sentimita 8 kwenye ncha za nyaya, na matufe mawili yaliyoelekeana yalitengana kwa mita 88. Nyaya hizo hazikushikiliwa na fimbo yoyote, bali setilaiti ilijizungusha mara moja kila sekunde 4 hivi na mzunguko huo ukazivuta zikanyooka. Kwa umbali huo, uga wa milivolti moja kwa mita huleta tofauti ya milivolti 88, ambayo husomeka vizuri. Mzunguko ulisaidia kwa njia nyingine pia, kwani tofauti iletwayo na uga halisi hupanda na kushuka kadiri nyaya zinavyogeuka, ilhali dosari ya vifaa hubaki palepale, hivyo wataalamu huweza kuitoa.

Linalonivutia zaidi ni kwamba kero yenyewe iligeuzwa kuwa kipimo. Plazma inapoongezeka, elektroni nyingi hurudi kwenye chombo na chaji yake hushuka. Inapopungua, chaji hupanda. Kwa hiyo, kwa kulinganisha volti za chombo na za matufe yake, watafiti hukadiria idadi ya elektroni katika kila sentimita ya ujazo, hata pale ambapo haifiki moja.